Kabla ya kumtuma mwandishi Frankfurt, mpimeni hesabu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa ajira uliwaambia vijana kwamba anayetaka kuripotia redio habari za biashara kutoka Ulaya anahitaji sauti nzuri, Kiingereza kizuri na pasipoti. Sisi tuliokaa kwenye dawati linalopokea ripoti hizo tunaomba nafasi ya kuirekebisha orodha hiyo. Sauti hufundishika, na pasipoti hutolewa ofisini. Kinachowaangusha wengi ni asilimia, kalenda na saa, na hayo hayakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Tuanze na saa. Benki Kuu ya Ulaya, yenye makao yake Frankfurt, hukutana kuhusu riba kila baada ya wiki sita hivi, kwa kawaida Alhamisi. Tangu Julai 2022 uamuzi hutoka saa nane na robo mchana kwa saa za huko, na mkutano na waandishi huanza nusu saa baadaye. Wakati wa baridi Frankfurt iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili; wakati wa joto, kwa saa moja. Kwa hiyo tangazo lile lile hutufikia saa kumi na robo mwezi Januari, na saa tisa na robo mwezi Juni. Taarifa ya habari ya saa kumi kamili, ikiwa ni Juni, itakuwa na uamuzi pamoja na robo saa ya kwanza ya maelezo ya rais wa benki. Ikiwa ni Januari haitakuwa na kitu, na mhariri wa zamu asiyejua hilo atampigia mwandishi simu kumgombeza bure. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi, hivyo kuna wiki mbili au tatu ambazo New York haiko pale ilipozoeleka. Anayefuata bei ya kahawa ya soko la New York aliandike hilo ukutani.

Kuna na mtego wa kwetu wenyewe. Mwandishi akiandikia studio ya nyumbani "saa 8:15", mmoja atasoma mchana kwa hesabu ya Kiswahili, mwingine asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, na hapo zimepotea saa sita nzima. Unapoandikiana na Ulaya tumia 14:15. Unapoandikia nyumbani andika "saa tisa na robo alasiri, saa zenu". Usichanganye mifumo miwili katika ujumbe mmoja.

Sasa uamuzi wenyewe. Frankfurt hutangaza riba tatu, si moja. Ya kwanza ni ile ambayo benki za biashara hulipwa zikiweka fedha Benki Kuu kwa usiku mmoja. Ya pili ni ya kukopa kwa wiki moja, na ya tatu ni ya kukopa kwa dharura usiku mmoja. Inayoongoza soko siku hizi ni ya kwanza. Septemba 2024 benki ilipunguza riba hiyo kwa robo ya pointi ya asilimia, kutoka asilimia 3.75 hadi 3.50. Wakati huohuo ilipunguza pengo kati yake na riba ya pili kutoka nusu pointi hadi pointi 0.15, jambo lililokuwa limetangazwa miezi kadhaa kabla. Matokeo yake riba ya pili ilitoka 4.25 hadi 3.65. Aliyezoea kuitaja ile ya pili, kama ilivyokuwa desturi miaka ya nyuma, angetangaza kwamba riba imeshuka kwa pointi 0.60, yaani zaidi ya maradufu ya kilichotokea. Namba yenyewe ni sahihi kabisa kwenye karatasi, ila habari ni potofu.

Dawa yake ni maandalizi. Asubuhi ya siku hiyo mwandishi awe na taarifa ya mkutano uliopita imechapishwa, na matini mbili zimeandikwa tayari: moja ya riba kupunguzwa, nyingine ya riba kuachwa. Taarifa mpya ikitoka, asome aya ya kwanza, kisha riba tatu, kisha tarehe ya kuanza kutumika, ambayo haiwi siku ileile. Baada ya hapo alinganishe sentensi kwa sentensi na taarifa ya nyuma. Neno lililoondolewa huwa na uzito kuliko lililoongezwa. Matini inayofaa itumwe ndani ya dakika tano, nyingine itupwe, kisha mtu akae asikilize maswali.

Maswali ndiyo hasa yanayomfanya mwandishi awepo. Tarehe 12 Machi 2020, corona ikiwa imeanza kuitesa Italia, Christine Lagarde, akiwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya, aliulizwa kuhusu pengo la riba kati ya hati fungani (karatasi za mkopo za serikali) za Italia na za Ujerumani, akajibu kwamba kuziba mapengo hayo si kazi ya benki yake. Halikuwa kwenye taarifa iliyoandikwa. Riba za hati fungani za Italia ziliruka papo hapo, na soko la hisa la Milan siku hiyo likapata anguko lake kubwa kuliko yote ya siku moja, karibu asilimia 17. Aliyetuma ripoti yake na kufunga kompyuta kabla ya maswali alikuwa na habari ya siku nyingine.

London ina tabia zake. Benki Kuu ya Uingereza hutangaza saa sita kamili mchana za huko, mara nane kwa mwaka, na hutoa hesabu ya kura za wajumbe wake tisa. Frankfurt haichapishi kura; mtu husikia tu pale rais anapoamua kudokeza. Anayesema "wajumbe wengi walipiga kura" akizungumzia Frankfurt, aulizwe kaihesabu wapi.

Tukija kwenye asilimia, hapa tunaomba uvumilivu, maana ndiko makosa yalikojaa. Riba ikitoka 4 hadi 3.75 haijapungua kwa robo asilimia. Imepungua kwa robo ya pointi ya asilimia. Robo asilimia ya 4 ni 0.01. Halafu kuna "mfumuko wa bei umeshuka", ambayo kila wiki kuna anayeitafsiri "bei zimeshuka". Oktoba 2022 mfumuko katika nchi za yuro ulifika asilimia 10.6, na mwaka mmoja baadaye ukawa 2.9. Bidhaa za kawaida zilizouzwa yuro 100 mwaka 2021 zikawa 110.60, kisha zikawa kama 113.80. Hakuna kilichoshuka. Mwenye ndugu anayeishi Ulaya akisikia redioni kwamba bei huko zimeshuka, atashangaa anapoambiwa kwenye simu kwamba maisha yamezidi kupanda.

Nukta nayo ina hila yake sikioni. Ukisema "mbili nukta kumi na tano" na baadaye "mbili nukta nne", msikilizaji atadhani ya kwanza ndiyo kubwa, kwa kuwa kumi na tano ni zaidi ya nne. Soma tarakimu mojamoja: "mbili nukta moja tano", "mbili nukta nne sifuri". Na kabla ya kuisoma jiulize kama anaihitaji. Mara nyingi hahitaji.

Na bilioni? Milliarde ya Kijerumani na milliard ya Kifaransa ndiyo bilioni yetu. Billion ya lugha hizo, na billón ya Kihispania, ni trilioni yetu. Wajerumani pia hutumia nukta kutenganisha maelfu na mkato kwa desimali, kwa hiyo 1.250 kwenye jedwali la ofisi ya takwimu ya Ujerumani, iliyoko Wiesbaden, ni elfu moja mia mbili na hamsini. Makosa haya humgeuza tajiri kuwa maskini katika sentensi moja.

Tuone mfano wa matini ya sekunde 45. Msomaji wa Kiswahili asiyekimbia hupata maneno karibu mawili kwa sekunde, maana maneno yetu ni marefu. Anayekadiria kwa kipimo cha Kiingereza cha maneno matatu huishia kukatwa na studio katikati ya jambo la maana. Hii ingefaa jioni ya tarehe 5 Juni 2025:

"Benki Kuu ya Ulaya imepunguza riba kwa mara ya nane ndani ya mwaka mmoja. Kuanzia Jumatano ijayo, benki za biashara zinazoweka fedha Frankfurt zitalipwa asilimia mbili kwa mwaka. Mwanzoni mwa Juni mwaka jana zilikuwa zikilipwa asilimia nne. Bei za bidhaa katika nchi zinazotumia yuro bado zinapanda, ila polepole: asilimia moja nukta tisa kwa mwaka, chini kidogo ya lengo la benki. Rais wa benki hiyo, Christine Lagarde, amedokeza kuwa upunguzaji unakaribia kwisha. Yuro, ambayo kwa kawaida hushuka riba ikipunguzwa, leo imepanda. Anayeagiza mashine kutoka Ujerumani atalipa zaidi."

Ni maneno 86. Riba zile nyingine mbili, 2.15 na 2.40, zimeachwa makusudi. Mwandishi mchanga huona uchungu kuziacha.

Kwenye makampuni, mtego wa kwanza ni vyeo. Kampuni kubwa ya hisa ya Kijerumani ina bodi mbili: Vorstand, inayoendesha shughuli, na Aufsichtsrat, inayosimamia. Anayeitwa Vorstandsvorsitzender ni mtendaji mkuu. Ukimtafsiri "mwenyekiti wa bodi" umempa kazi ya mtu mwingine. Kwa sheria ya mwaka 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, na ndiyo maana habari ya kufunga kiwanda huanza kunusika huko kabla ya tangazo. Mtego wa pili ni mwaka wa hesabu. Mwaka wa Siemens huisha 30 Septemba, wa Vodafone huisha 31 Machi. "Robo ya kwanza" ya Siemens ni Oktoba hadi Desemba. Linganisha robo na robo ileile ya mwaka uliopita, na useme bayana kama unazungumzia mauzo, faida kabla ya riba na kodi, au faida halisi. Taarifa ya kampuni huanza na ile inayopendeza.

Kwenye faharisi za hisa, yaani vipimo vya mwenendo wa bei za hisa, tutapita haraka: DAX ya Frankfurt, yenye kampuni 40 tangu Septemba 2021, huhesabu na gawio kana kwamba limewekezwa tena. FTSE 100 ya London na CAC 40 ya Paris, kama zinavyotajwa kila siku, hazihesabu. Kusema kwa miaka kumi Frankfurt imeipiku London kwa kiasi fulani, bila kulitaja hilo, ni kushindanisha mkimbiaji na mpanda baiskeli. Nayo FTSE 100 hupanda mara nyingi pauni inaposhuka, kwa sababu kampuni zake huchuma sehemu kubwa ya fedha nje ya Uingereza. Si kila kupanda kwake ni heri kwa Waingereza.

Kuhakiki ni sura nyingine. Tarehe 22 Novemba 2016 ilisambazwa taarifa iliyojifanya imetoka kampuni ya ujenzi ya Ufaransa, Vinci, ikidai hesabu zina dosari na mkuu wa fedha kafukuzwa. Ilikuwa ya kughushi, ikiwa na anwani ya tovuti inayofanana na ya kweli na namba ya simu ya msemaji wa uongo. Shirika la habari la Bloomberg liliirusha, hisa zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 18 kwa dakika chache. Mamlaka ya masoko ya Ufaransa iliitoza Bloomberg faini ya yuro milioni 5, ambayo rufaa iliipunguza hadi milioni 3. Kanuni ni fupi: usipige namba iliyo kwenye taarifa, piga ile uliyokuwa nayo tangu mwezi uliopita. Redio ina nafuu moja, kwamba haishindani kwa sekunde na wakala wa habari. Kuchelewa dakika kumi hakumfukuzi msikilizaji wa Tabora.

Wakati mwingine anayekosea ni mdhibiti mwenyewe. Kampuni ya malipo ya Wirecard iliingia DAX Septemba 2018. Gazeti la Financial Times lilipoandika mashaka kuhusu hesabu zake, mdhibiti wa Ujerumani, BaFin, mwaka 2019 alizuia kwa miezi miwili watu kuuza hisa hizo kwa kubashiri kushuka, kisha akafungua malalamiko dhidi ya waandishi. Juni 2020 kampuni ilikiri kwamba yuro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa kwenye akaunti za Ufilipino huenda hazikuwepo kabisa, na tarehe 25 mwezi huo ikaomba kufilisiwa. Mwandishi aliyekuwa akimnukuu mdhibiti peke yake kwa mwaka mzima alikuwa akiripoti upande mmoja, tena uliokuwa gizani.

Kutoka Brussels makosa huwa ya majina. Kiswahili chetu kimekuwa kikisema "Baraza la Ulaya" kwa vitu vitatu: wakuu wa nchi za Umoja wa Ulaya wanapokutana, mawaziri wa nchi hizo wanaopitisha sheria pamoja na Bunge, na taasisi ya Strasbourg ambayo si ya Umoja wa Ulaya kabisa. Tunapendekeza "mkutano wa wakuu", "baraza la mawaziri" na "Baraza la Ulaya la Strasbourg". Vilevile, Kamisheni ya Ulaya, inayoandaa mapendekezo ya sheria, ikipendekeza, hakijapigwa marufuku kitu. Pendekezo huenda kwa Bunge na mawaziri, hujadiliwa mara nyingi kwa mwaka au zaidi, huchapishwa kwenye gazeti rasmi, huanza kuwa sheria, na tarehe ya kutumika inaweza kuwa mbali bado. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya bidhaa zisizotokana na ukataji wa misitu ilipitishwa 2023, ikiigusa kahawa ya mashamba yaliyofyekwa baada ya 31 Desemba 2020, na tarehe yake ya kuanza kutumika imesogezwa zaidi ya mara moja. Mkulima wa Mbinga aliyeambiwa redioni mwaka 2023 kwamba "Ulaya imezuia kahawa" aliambiwa jambo ambalo halikuwa limetokea.

Kahawa yenyewe ina masoko mawili. Robusta huuzwa London kwa dola kwa tani. Arabika huuzwa New York kwa senti za dola kwa ratili. Senti 200 kwa ratili ni karibu dola 4,400 kwa tani. Bei ya London ikianguka, wa kuulizwa ni Bukoba na Uganda; Moshi na Nyeri wanatazama New York. Kutangaza "bei ya kahawa duniani imeshuka" bila kutaja aina ni kumtisha mtu asiyehusika.

Maua ya Naivasha nayo yanafuatwa kwenye mnada wa Royal FloraHolland huko Aalsmeer, Uholanzi, ambako saa ya mnada huanza na bei ya juu ikishuka mpaka mnunuzi aisimamishe. Ila si maua yote hupita mnadani. Mengi huenda moja kwa moja kwa maduka makubwa kwa mikataba. Na mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi ulioanza 1 Julai 2024 ni wa Kenya na Umoja wa Ulaya, si wa Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huuza Ulaya bila ushuru kwa mlango mwingine, ule wa nchi zenye maendeleo duni, wa kila kitu isipokuwa silaha. Tumesikia wakichanganywa mara nyingi mno.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Maikrofoni ya kushika mkononi, sponji ya upepo, kinasa sauti chenye tundu mbili za XLR (za waya wa maikrofoni), waya wa mita tano, betri za ziada, vipokea sauti vya kufunika masikio. Kwenye kumbi za mikutano kuna sanduku la sauti la kuchomeka waya. Hapo hakikisha kama linatoa kiwango cha laini au cha maikrofoni. Ukichomeka laini kwenye tundu lililowekwa kwa maikrofoni, sauti itakuja imepasuka na haitengenezeki tena. Weka vilele vya sauti chini ya sifuri kwa desibeli 9 hadi 12. Unapotafsiri juu ya sauti ya mtu, mwache asikike sekunde tatu, shusha, soma, kisha mwache amalizie sekunde mbili. Hotelini, soma ukielekea kabati lililojaa nguo, shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni.

Kwa kijana anayeuliza aingilie wapi: wengi walioko Ulaya hulipwa kwa ripoti, si kwa mwezi. Ujerumani ina mfuko wa bima wa wasanii na waandishi wa kujitegemea, ulioanza 1983, ambao humlipia mwanachama karibu nusu ya michango ya pensheni na matibabu. Asiyeujua hulipa yote mwenyewe. Jifunze Kijerumani au Kifaransa cha kusoma mizania, maana Kiingereza pekee kinakupa kile ambacho kila wakala tayari anacho. Usimiliki hisa za kampuni unayoiripoti. Na muulize anayekuajiri, kabla ya kusaini, nani atahariri matini yako saa kumi na robo na kama anajua kugawanya.

Kwa kituo kinachoajiri, tunapendekeza karatasi ya maswali matatu, dakika ishirini, bila kikokotoo. Hisa ya yuro 100 imeshuka asilimia 20, kesho yake ikapanda asilimia 20: iko wapi? Mfumuko umetoka asilimia 5 hadi 3: bei zimefanya nini? Benki Kuu ya Ulaya inatangaza riba Alhamisi ya mwisho ya Januari: utatuma nini kwa taarifa ya saa kumi? Majibu ni yuro 96, zimepanda, na matini ya utangulizi inayosema uamuzi unatarajiwa robo saa ijayo, ikiwa imeshatumwa tangu saa tisa.

Ni sisi,
Wahariri wa zamani wa habari za biashara redioni,
Dar es Salaam